Dalali wa kamari na mwenye leseni: jinsi matangazo ya uongo yalivyobanwa Uingereza

Septemba 2017, ASA, mamlaka inayosimamia viwango vya matangazo nchini Uingereza, ilitoa maamuzi manne kwa mpigo. Kampuni zilizoguswa zilikuwa 888, Ladbrokes, Casumo na Sky Vegas, yote majina makubwa katika kamari ya mtandaoni. Kosa lao lilifanana. Kila moja ilikuwa imetangazwa kwa ukurasa uliovishwa sura ya habari ya gazeti, wenye kisa cha mwanamume aliyezama katika madeni huku mkewe akiugua. Mwanamume huyo anajaribu kasino ya mtandaoni, anashinda, na shida zote zinakwisha. Kisa kilikuwa cha kutungwa, na hatua iliyofuata kwa msomaji ilikuwa kujisajili na kuweka pesa.

Kampuni zote nne zilikuwa na utetezi wa aina moja: tangazo si letu, limetengenezwa na dalali.

Namwita dalali kwa sababu kazi yake ni hiyo. Si mwajiriwa wa kampuni ya kamari, wala hana leseni ya kuendesha mchezo. Ana tovuti, ukurasa wa Facebook, kundi la Telegram au orodha ya namba za simu, na kazi yake ni kuleta wateja na kulipwa kamisheni. Wapo madalali waaminifu wanaolinganisha kampuni, wanaoeleza masharti ya bonasi bila kuficha na kuwaonya watu dhidi ya kampuni zisizolipa. Wapo pia waliotunga kile kisa cha mgonjwa na madeni. Mwaka 2017 wote walikuwa wakilipwa kupitia mfumo mmoja, na ndani ya mfumo huo ndimo ilimokuwamo njia ya kuwabana.

Tuangalie malipo yenyewe. Dalali anapewa kiungo chenye namba yake. Ukikibofya, kidakuzi kinabaki kwenye simu au kompyuta yako, na ukifungua akaunti, namba ya dalali inagandishwa kwenye akaunti hiyo. Kuanzia hapo ana njia mbili za kulipwa. Ya kwanza ni malipo ya mkupuo: kiasi maalumu kwa kila mteja mpya aliyeweka pesa. Ya pili ni mgawo wa mapato, na huu ndio unaostahili kutazamwa kwa makini. Tuseme mteja wake amepoteza shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kampuni inaondoa bonasi, kodi na gharama za miamala, zinabaki 700,000. Dalali mwenye mgawo wa asilimia 30 anachukua 210,000. Mwezi unaofuata mteja akipoteza tena, dalali analipwa tena, na mikataba mingi ya aina hii huendelea kwa muda wote ambao mteja anacheza. Mteja akishinda, hesabu ya dalali inakuwa hasi. Baadhi ya mikataba hufuta hasi hiyo mwisho wa mwezi, mingine huivusha mwezi ujao.

Kwa hiyo pato la dalali wa mgawo ni sehemu ya hasara ya mtu aliyemwamini. Wa malipo ya mkupuo hana hata haja ya kusubiri hasara hiyo. Anachotaka ni pesa ya kwanza iwekwe, kisha anahamia kwa mwingine. Kisa cha mke mgonjwa kinamfaa mtu wa namna hii, maana kimetengenezwa kumvuta aliyekata tamaa kabla hajapata nafasi ya kufikiri.

Ugumu wa kuwakamata uko kwenye urefu wa mnyororo. Kampuni inasaini mkataba na mtandao wa madalali, mtandao una madalali wake, na hao wana madalali wadogo chini yao. Ukurasa wa uongo unaweza kuwa umeandikwa na mtu wa tatu au wa nne katika mnyororo huo, aliye nje ya nchi, mwenye anwani ya tovuti aliyoinunua wiki iliyopita na atakayoitupa wiki ijayo. Wengine huusuka ukurasa ili mkaguzi aone makala ya kawaida na mlengwa aone kisa cha uongo. Ukimfukuza, anarudi kwa jina jingine. ASA kwa upande wake haina mamlaka ya kutoza faini. Inaweza kuamuru tangazo liondolewe na kutangaza uamuzi wake hadharani, na kwa mtu asiye na jina, aibu ya hadharani haina uzito.

Njia nyingine ilikwisha kujaribiwa. Novemba 2016 ofisi ya kamishna wa taarifa ya Uingereza iliziandikia kampuni zaidi ya 400, zilizodhaniwa kuwa madalali wa kamari, ikizitaka zieleze zinavyotumia taarifa za watu kutuma meseji za matangazo. Kwa maoni yangu ilikuwa hatua sahihi iliyolenga mahali pagumu. Kuwasaka madalali mmoja mmoja ni kazi isiyo na mwisho, na mamlaka ikimaliza kumbana mmoja, mteja amekwisha kupoteza pesa zake.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa rahisi zaidi. Namba ile inayomwezesha dalali kulipwa ndiyo pia inayomtambulisha. Kampuni inayosema haijui nani alimleta mteja fulani inasema jambo lisilowezekana, kwa sababu isingejua, isingemlipa mtu. Hata mnyororo ukiwa mrefu kiasi gani, kila pingili inalipwa na iliyo juu yake, na pesa yote inatoka kwa mwenye leseni. ASA ililikataa dai la kampuni nne kwa msingi huo wa wajibu: tangazo limetengenezwa kwa faida yako, basi ni lako. Tume ya Kamari ya Uingereza, yenye uwezo wa kutoza faini na kufuta leseni, ilikuwa imeanza safari hiyo mapema. Mei 2017 iliitoza kampuni ya BGO pauni 300,000 kwa matangazo ya kupotosha yaliyokuwa kwenye tovuti yake na kwenye tovuti za madalali wake. Kufikia tarehe 31 Oktoba 2018 masharti ya leseni yalikuwa yamekazwa: ukivunja kanuni za matangazo utaadhibiwa, na dalali wako akizivunja, hesabu ni yako.

Sheria ya kamari ya 2014 ilikuwa imeandaa uwanja. Tangu Novemba mwaka huo, kampuni yoyote inayomhudumia mtu aliyeko Uingereza inatakiwa kuwa na leseni ya Uingereza, hata kama ofisi zake ziko Malta au Gibraltar. Bila sheria hiyo, kumwajibisha mwenye leseni kungekuwa maneno matupu, kwa kuwa wengi wasingekuwa nayo.

Sasa tuje kwa madalali wenyewe, ambao habari yao husimuliwa kwa haraka mno. Mwezi uleule wa Septemba 2017, kampuni ya kamari ya Sky Bet ilitangaza kufunga mpango wake wote wa madalali nchini Uingereza. Haikuchambua wazuri na wabaya. Iliona kuwa kuwasimamia wote wakati masharti yanakazwa ni mzigo isioweza kuubeba. Aliyejenga tovuti ya uchambuzi kwa miaka, bila kumdanganya mtu, alifungiwa mlango pamoja na mtunga visa. Chuki ya madalali wengi dhidi ya uamuzi huo naielewa, lakini uamuzi wenyewe ndio uliowafungua macho. Uongo wa jirani haukuwa tena shida ya jirani.

Dalali mwaminifu ana nguvu ambayo huwa haitumii. Kampuni ya kamari inamhitaji kwa sababu yeye ndiye anayekutana na mteja kwanza. Anaweza kuishusha kwenye orodha, anaweza kuondoa viungo vyote, anaweza kuandika onyo mahali palipokuwa na sifa. Bryan Bailey, aliyeanzisha tovuti ya Casinomeister mwaka 1998, alifanya hivyo kwa miaka mingi. Orodha yake ya kasino zisizoaminika ilisomwa na wachezaji kabla hawajaweka pesa, na kampuni iliyoingia humo ilijua imepoteza wateja. Shinikizo la aina hii linauma likifanywa na wengi kwa pamoja. Likifanywa na mmoja, kampuni inahamia kwa dalali mwingine na mwenye kanuni anabaki bila kipato.

Mei 2019 kampuni za Better Collective, Oddschecker na Racing Post ziliunda umoja wa madalali wanaowajibika, RAiG, na sharti la uanachama lilikuwa kukaguliwa kila mwaka na mkaguzi wa nje. Nauheshimu mpango huo, ila hauna usafi wote unaoweza kudhaniwa. Oddschecker, inayolinganisha bei za kampuni mbalimbali, wakati huo ilikuwa chini ya wamiliki walewale wa Sky Bet. Dalali anayemilikiwa na kampuni anayotakiwa kuikosoa ana mipaka ya wazi. Pamoja na hayo, ukaguzi wa nje ulimpa mwenye leseni sababu ya kumchagua dalali mmoja na kumkataa mwingine, na hapo uaminifu ukaanza kuwa na bei sokoni.

Jambo moja hatua hizi zote hazikuligusa, nami naliona ni kosa kubwa: mgawo wa hasara uliachwa uendelee. Tangazo la uongo limebanwa, lakini kinachomfanya dalali apende upoteze bado kipo. Uingereza ilibana maneno, ikaiacha hesabu ilivyo.

Hesabu hiyo ndiyo iliyofika kwetu. Katika makundi ya Telegram na WhatsApp, Dar es Salaam kama Nairobi, utamkuta mtu anatoa mikeka ya bure, yaani orodha za mechi za kubetia kwa pamoja, kila asubuhi na msimbo wa kujisajili chini yake. Mkeka una mechi 15. Tuseme kwa kila mechi kampuni inarudisha kwa wastani shilingi 95 katika kila 100. Kwenye mechi moja hasara ni ndogo. Kwenye mechi tano, marejesho ya wastani yanashuka hadi kama shilingi 77. Kwenye 10 yanakuwa kama 60. Kwenye 15 yamebaki kama 46. Kadiri mkeka unavyorefuka ndivyo kampuni inavyobaki na fungu kubwa zaidi, na mtoa mikeka mwenye mgawo analipwa kutoka kwenye fungu hilohilo. Hahitaji kusema uongo hata neno moja. Anahitaji tu kukuzoesha mikeka mirefu.

Kenya ilitangaza kupiga marufuku matangazo ya kamari ya barabarani na ya mitandao ya kijamii mwaka 2019, na Aprili 2025 bodi yake ya kusimamia kamari ikasimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Marufuku ya namna hiyo hulifikia bango haraka na kundi la WhatsApp kwa shida sana, kwa kuwa hakuna anayeliona zaidi ya walio ndani yake. Njia ya leseni ingelifikia. Mamlaka za kamari za Tanzania na Kenya zinaweza kumtaka kila mwenye leseni awasilishe orodha ya misimbo yote anayoilipia kamisheni, nani anamiliki kila msimbo, na analipwa kwa mkupuo au kwa mgawo. Orodha hiyo ipo tayari, kwa sababu kila mwezi malipo yanatoka kwa kuifuata. Mamlaka hizo ziidai, na zimzuie dalali yeyote anayewapa watu ushauri wa kubeti asilipwe kwa hasara yao. Nawe msomaji, ukipewa mkeka wa bure wenye msimbo wa kujisajili, muulize aliyekupa analipwaje wewe ukipoteza.