Hukumu ya Msimulizi katika Shetani Msalabani

Riwaya ya Ngugi wa Thiong'o, Shetani Msalabani, ilitoka kwa Kigikuyu mwaka 1980 na kwa Kiswahili mwaka 1982. Wahakiki wengi wameijadili kwa upande wa migongano ya kitabaka. Makala haya yanauliza jambo jingine: msimulizi anapata wapi haki ya kuwahukumu matajiri, na je, hukumu yake inawafikia wote?

Msimulizi ni manju apigaye gicaandi, kibuyu cha watambaji wa Kigikuyu. Haanzi kwa kuhukumu. Wapo wakazi wa Ilmorog wanaotaka aibu ile ifichwe, na mwenyewe anasitasita, hata mama yake Wariinga anapomsihi asimulie. Kusitasita huku si pambo la fani. Kunatuonyesha kwamba hukumu ni dhamana aliyokabidhiwa na waliodhulumiwa. Nick Carraway, msimulizi wa The Great Gatsby (1925) ya F. Scott Fitzgerald, naye anaanza kwa kujizuia kuhukumu, lakini yeye hufuata wosia wa baba yake tu. Hakutumwa na mtu.

Pangoni, kwenye mashindano ya wezi, msimulizi anawaachia washindani ulimi wajihukumu wenyewe. Gitutu anatamani udongo uuzwe chunguni; Kihaahu anapendekeza makabwela wapangishwe viota vya kuingiza kichwa tu. Hata hivyo, kabla hawajasema, tumekwisha kuchorewa tumbo la mmoja na mdomo wa mwingine. Hapa ndipo penye udhaifu: uovu ulioandikwa mwilini hautaabishi mtu kuutambua.

Tuipime hukumu hii kwa Nairobi yenyewe. Kibera, chumba cha udongo na mabati cha futi 10 kwa 10, kinachopangwa na familia nzima, hakiko mbali na kiota cha Kihaahu. Kwa hili tashtiti imesema kweli. Lakini wenye vyumba wengi hawaishi humo. Kodi hukusanywa na wakala, na mwenye mali aweza asijue kwamba paa linavuja. Huyu hajigambi pangoni, wala hana tumbo la ajabu. Kawangware nayo inapakana na Lavington, ambako wafanyakazi wa nyumbani huenda kwa miguu alfajiri. Mwajiri wao aweza kuwa mtu mpole, msomaji wa riwaya hii hii, asiyejua yaya wake hulala wapi. Kosa lake si ulafi, ni kutojali. Kosa hilo Nick analiona vizuri: Daisy Buchanan anamgonga mwanamke kwa gari na kumwua, kisha yeye na mumewe wanaondoka bila kuulizwa neno.

Huenda ikasemwa kwamba tashtiti haina budi kutia chumvi. Ni kweli, na hatudai Ngugi angeandika riwaya nyingine. Tunachodai ni kwamba riwaya yenyewe ina hukumu nzito kuliko ile ya matumbo. Wangari anawaongoza polisi hadi pangoni wawakamate wezi. Anayekamatwa ni yeye. Nguvu ya tukio hili haitokani na maumbile ya mtu yeyote. Sheria inafanya kazi yake ya kila siku, na kwa sababu hiyo msomaji hana pa kukimbilia.

Tofauti hii ina uzito kwetu tunaoifundisha riwaya hii. Mwanafunzi akimcheka Gitutu peke yake, atatoka darasani akijiona hana hatia, kwa kuwa hafanani naye. Akisoma kukamatwa kwa Wangari kwa makini, itambidi aulize ni utaratibu gani unaomfaa yeye na kumwumiza mwingine, na ni nani afuaye nguo zake. Kicheko cha pangoni kinawahukumu wachache. Swali hili linatufikia na sisi wahadhiri.