Mzinga wa Mukumari

Malinya, huku Ikolomani katika Kaunti ya Kakamega, watu hawarithishani bastola. Mzee akifa huacha shamba, huacha ng'ombe, huacha deni ambalo hakuna aliyelijua, na katika nyumba chache huacha ngoma. Kwetu ni mojawapo ya nyumba hizo. Kuka, babu yangu, alikuwa mpigaji wa ngoma za isukuti, si mchongaji, na alipoondoka alituachia ngoma zake tatu: kubwa, ya kati na ndogo, ambazo wengi huku huziita baba, mama na mtoto. Baba alikuwa mzima. Mtoto alikuwa na ufa mwembamba pembeni. Mama ngozi yake ilikuwa imechanika kutoka ukingo hadi katikati, na kwa sababu yake familia nzima iligeuka kuwa mafundi.

Wahenga walisema kila mwamba ngoma huvutia kwake, na sijapata kuiona methali hiyo ikitembea kwa miguu yake kama Disemba ile tulipomjadili mama. Binamu yangu anayeishi Nairobi alitaka mama apigwe msasa, apakwe vanishi na kutundikwa sebuleni kwake, juu ya televisheni. Mwingine, ambaye hufundisha kikundi cha shule, alitaka mdomo wa ngoma uvishwe pete ya chuma yenye boliti, ili ngozi ikazwe kwa spana dakika mbili kabla ya kupanda jukwaani. Senge, shangazi yangu, hakutaka iguswe hata kwa kitambaa. "Hiyo ni mikono ya baba yangu," alisema. "Mkishaibadilisha, mtakuwa na ngoma. Yake hamtakuwa nayo."

Nilikuwa upande wa senge, ingawa kwa sababu tofauti na zake: nilijua kidogo jinsi kitu hiki kinavyotengenezwa.

Mzinga wa isukuti hutoka kwenye gogo. Miti iko ya aina kadhaa, lakini unaosifiwa ni mukumari, ule wenye maua meupe yanayopendwa na nyuki, ambao wakulima huuacha shambani utilie kahawa kivuli. Ni mti mwepesi, unaokubali patasi bila ugomvi. Fundi hulichimba gogo lingali bichi, kwa kuwa likishakauka humlipiza kila pigo. Huanzia upande mmoja kwa tezo na patasi ya mpini mrefu, kisha huligeuza na kuanza upande wa pili, hadi mashimo mawili yakutane tumboni mwa gogo, mahali ambapo jicho halifiki na mkono unafika kwa shida. Ukuta ukibaki mnene, ngoma humlemea mpigaji na sauti hufia ndani. Ukizidi wembamba, mti hupasuka unapokauka, na kazi ya siku nyingi huwa kuni. Kwa hiyo fundi hugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga pembeni kidogo, akarudi kukwangua ganda jembamba pale palipojibu kwa uzito. Hashiki rula. Kipimo chake ni sikio, na sikio hilo alilipata kwa kukaa karibu na mtu mwingine aliyekuwa nalo.

Kisha hungoja. Gogo lililochimbwa hukaushwa kivulini, polepole. Wengine hulipaka samadi kwenye ncha ili unyevu usitoke kwa pupa. Sidhani kuna hatua ngumu kuliko hii kwa fundi mwenye njaa, maana mteja huwa ana harusi Jumamosi na amekwisha kulipa nusu. Ngoma nyingi zinazouzwa siku hizi kando ya barabara zilinyimwa kungoja huko. Zina rangi nzuri, na baada ya kiangazi kimoja unaweza kupitisha kidole katika nyufa zake.

Ngozi ni habari nyingine. Ya jadi ni ya kenge. Ni nyembamba, unene wake haubadiliki sana kutoka ukingo hadi ukingo, na ikiwambwa ikiwa mbichi hujikaza yenyewe inapokauka, ikashikwa na vigingi vidogo vya mti vilivyopigwa kuzunguka mdomo wa mzinga. Jamaa yake wa Buganda, ile ngoma ndefu iitwayo engalabi, huwambwa vivyo hivyo, kwa kenge na vigingi. Upande wa chini huachwa wazi ili sauti itoke. Ni sauti kavu, ya kukata, isiyosinzia. Jumamosi asubuhi, fahali anapopelekwa uwanjani Malinya kupigana, ngoma na pembe humtangulia. Wa ng'ambo ya bonde hujua ni nani anakuja kabla hawajaona pembe za mnyama mwenyewe. Mashabiki wa AFC Leopards wameibeba sauti hiyo hadi viwanjani Nairobi, na hata anayeshangilia timu pinzani huitambua.

Tatizo ni kwamba kenge haendi sokoni. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Mkataba wa CITES unadhibiti biashara ya kimataifa ya mnyama huyo. Na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inaihesabu ngozi ya mnyamapori kuwa nyara hata ikiwa imekwisha kugeuzwa chombo. Mtu akitaka kuisoma kwa ukali, ngoma ya kuka inadai kibali, kama vile bastola ya urithi inavyodai leseni. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, watu wa huku kwetu, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ni uhaba wa vifaa vya kutengenezea ala zenyewe. Hivyo mkono mmoja unatuambia tuicheze zaidi, na mwingine, kwa haki kabisa, unatuambia tumwache kenge mtoni. Sina ugomvi na mkono wowote. Nasema tu kwamba fundi wa Malinya amesimama katikati yao, na mteja amekwisha kulipa nusu.

Bastola nimeitaja kwa makusudi. Wakusanyaji wa silaha za kale wana kesi inayofanana na yetu kuliko wanavyoweza kudhani. Jeshi la Uingereza lilianza kutumia bastola ya Webley Mark VI mwaka 1915. Ilikula risasi za .455. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nyingi ziliuzwa Marekani kwa bei ya mabaki ya jeshi, na huko risasi za .455 zilikuwa adimu ilhali zile za .45 za jeshi la Marekani zilijaa kila duka. Basi mafundi wakaisaga silinda kwa nyuma, kiasi kidogo tu, ili risasi za Marekani zienee zikiwa zimeshikwa na vibanio vya bati. Bastola ikapata chakula. Lakini risasi hizo zina nguvu kupita kiasi ambacho chuma kile kilitengenezewa kustahimili, na chuma kikishasagwa hakioti tena. Leo mtu anayerithi Webley ambayo haikuguswa huambiwa na kila mwenye ujuzi aiache hivyo hivyo, na aliyerithi iliyosagwa hutafuta namna ya kumsamehe babu yake.

Ukiwasikiliza watu hao unaweza kuhitimisha kwamba senge alisema kweli: urithi usiguswe. Hapo ndipo ninapoikumbuka Ngadji. Ilikuwa ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana. Maafisa wa kikoloni wa Uingereza waliichukua mwaka 1902, na tangu 1908 imo mikononi mwa British Museum, ghalani. Imetunzwa. Hakuna binamu aliyeitoboa boliti wala kuipaka vanishi. Na kwa zaidi ya miaka 100 haijaitisha mkutano wa wazee hata mmoja, ilhali hiyo ndiyo kazi iliyochongewa. Wapokomo wameomba irudi, na sijasikia kwamba ombi lao linahusu hali ya mti.

Tulimpeleka mama kwa fundi mmoja mzee, si mbali na uwanja wa mafahali. Hakutuuliza tunataka nini. Aliipindua ngoma, akachungulia ndani, akaigonga tumboni, akaitikia kama mtu aliyesalimiwa. Halafu akaanza kung'oa vigingi kimoja kimoja, akivipanga juu ya gunia kwa mpangilio ule ule vilivyotoka. Ngozi ya kenge ilipoinuka, ukingo wa mzinga ukaonekana, na hapo sote tukanyamaza, pamoja na binamu wa boliti.

Chini ya mstari wa vigingi kulikuwa na mstari mwingine wa matundu, yaliyozibwa kwa vipande vya mti mwingine wenye rangi ya giza. Na chini ya huo, mabaki ya mstari wa tatu, yaliyokaribia kufutika. Pembeni palikuwa na ufa wa zamani ulioshonwa kwa waya mwembamba, waya wenyewe umezama ndani ya mti kama kovu. Mama alikuwa amewambwa upya zaidi ya mara moja, na huenda mara ya kwanza ilitangulia ndoa ya kuka. Ngozi ambayo senge aliiita mikono ya baba yake ilikuwa mgeni wa hivi karibuni katika mzinga huo.

"Huyu alitumia mkono wa kushoto," fundi alisema, akionyesha mstari wa katikati. Vigingi vyake viliingia vikielekea upande usio wa kawaida. Mtu aliyekufa, asiye na jina wala picha, alikuwa akisomwa kama barua na fundi mwenzake kwa pembe ya tundu tu.

Ndipo nilipoacha upande wa senge, bila kuhamia kwa binamu zangu. Aliyebuni ngoma hii alijua kwamba ngozi itakufa kabla ya mti. Ndiyo maana hakuigandisha. Aliishika kwa vigingi, vitu vinavyong'oka. Aliacha mlango wazi kwa fundi ambaye hangemwona. Kubadili ngozi ni kupita katika mlango huo. Kutoboa ukuta wa mzinga ili kupitisha boliti ni kubomoa nyumba kwa sababu ya dirisha: mukumari ni mti laini, chuma hakivimbi wala kusinyaa pamoja nao, na mvutano wa spana hauna huruma ambayo vigingi vinayo vinapolegea kidogo msimu wa mvua. Hiyo boliti ndiyo silinda yetu iliyosagwa.

Kuhusu msasa, fundi alijibu kwa kidole. Alikipitisha kwenye tumbo la ngoma, mahali palipong'aa kuliko kwingine. Hapakupakwa kitu, ni shati na jasho, miaka ya kubanwa kwapani. "Hii vanishi yenu mtaipaka kwa siku moja," alimwambia binamu wa Nairobi. "Hii hapa inauzwa duka gani?"

Akawamba ngozi ya mbuzi. Wapo watakaosema kwamba hiyo ndiyo heshima tuliyoivunja, na siwezi kuwakatalia wote. Ngozi ya mbuzi si sawa kila mahali; ya mgongoni ni nene kuliko ya tumboni. Fundi aliiloweka, akakwangua manyoya, akaishika dhidi ya mwanga wa mlango akiizungusha mpaka alipopata duara lililomridhisha, kisha akaipunguza unene upande mmoja kwa wembe, kwa subira ambayo mimi singekuwa nayo hata kwa kulipwa. Matundu ya zamani aliyatumia tena, na yaliyolegea akayachongea vigingi vinene zaidi. Tundu jipya hakutoboa hata moja. Alipomaliza alimweka mama kivulini na kutufukuza.

Sauti imebadilika, nikisema vinginevyo nitakuwa nadanganya. Imeshuka, imenenepa, na mwisho wa kila pigo una mkia ambao kenge hakuwa nao. Isitoshe, Kakamega hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mbuzi hunywa unyevu kwa uroho. Asubuhi ya umande mama huzungumza kama aliyeamka na mafua, hadi aote moto wa nyasi kavu. Mzee mmoja uwanjani alituuliza kwa adabu kama tulikuwa tumeazima ngoma ya ukoo mwingine. Vijana wanaoipiga hawaoni kasoro. Wao wamezaliwa baada ya kenge.

Senge alikuja kuisikiliza, akakaa na fundi kwenye benchi, wakazungumza Kiidakho kwa muda mrefu kuhusu yule mtu wa mkono wa kushoto, wakijaribu ukoo huu na ule. Hawakumpata. Akaomba ngozi ya zamani apewe, na fundi akaikunja ndani ya gazeti akampa, akimwonya asiionyeshe barabarani.

Sasa amebaki mtoto, ambaye ufa wake umeanza kurefuka. Yeye bado ana kenge wake, na binamu mwalimu amesema Disemba atakuja na picha za ngoma za boliti kutoka Nairobi, pamoja na bei zake, na kwamba ngoma ndogo haina historia ya kutosha kugombaniwa. Nimemwambia aje na picha. Vigingi tutaving'oa kwanza, tuone chini yake kuna mistari mingapi.