Altus: Sifa Moja au Mbili?

Kamusi za Kilatini aghalabu huipa sifa altus fasili mbili zinazoelekea kukinzana: “-a juu” na “-enye kina”. Katika insha yake ya mwaka 1910, Sigmund Freud, akimfuata Karl Abel, aliitaja miongoni mwa maneno ya kale yaliyobeba maana zilizo kinyume. Rai yetu ni kwamba hoja hiyo haina mashiko, na kwamba mhakiki anayeikubali huusoma vibaya utenzi wa Virgil, Aeneid.

Altus imetokana na kitenzi alere, yaani kulisha au kulea. Kwa asili, basi, ni kile kilicholelewa kikakua. Kitenzi hicho ndicho kilichozaa alumnus, mwana wa kulelewa, na alma, sifa ya mlezi tunayoisikia kila mahafali chuo kinapoitwa alma mater. Alt ya Kijerumani, yaani -zee, ina mzizi uo huo. Mwaka 1956 Émile Benveniste alionyesha kwamba Mrumi alipima kutoka chini kwenda juu, mti tangu shinani na kisima tangu sakafuni mwake, bila kujali mpimaji amesimama wapi. Mswahili hana la kustaajabia hapa: mnazi ni mrefu na kisima ni kirefu, wala hatujasikia -refu ikishutumiwa kwa kujipinga.

Sasa tumrudie Virgil, aliyefariki mwaka 19 K.K. kabla ya kuukamilisha utenzi wake. Katika mshororo wa tatu, alto ni bahari inayomsukasuka Aeneas. Katika wa saba, altae ni sifa ya Roma, mji wenye kuta. Safari nzima ya shujaa imo baina ya matumizi hayo mawili ya neno moja. Mfasiri anayeandika “kilindi” huku na “-a juu” kule ameukata uzi huo.

Je, -refu ingefaa? Inatosha kwa vipimo, lakini haina haiba, na dhana ya kukua haimo. Sisi tungependekeza -kuu, ambayo ina nasaba na kitenzi kua, na ambayo katika kuukuu inabeba hata ule uzee wa Kijerumani. Kiswahili tayari kina bahari kuu. Hatuoni kizuizi cha kuandika Roma kuu. Wima wa kuta utafifia, hilo tunalikiri, na mfasiri atalazimika kuufidia katika nomino.