Chungu, kijiti na maranda: tundu la panya buku likitazamwa kutoka Nyarugusu

Tundu la panya buku wa shirika la APOPO, kule Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, halina urembo. Sakafuni kuna maranda ya mbao, pembeni chungu cha udongo cha kulalia na kipande cha mti usiotiwa dawa, na maji ya kunywa yapo muda wote. Mgeni aliyezoea picha za hamsta wa Ulaya, wenye vinyumba vya rangi, ngazi na madaraja ya plastiki, anaweza kudhani shirika limebana matumizi. Halijabana. Panya mmoja hufundishwa kwa takriban miezi tisa kabla ya kupelekwa kunusa mabomu ya kutegwa ardhini au makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, na akitunzwa anaweza kufika miaka minane. Magawa, aliyezaliwa hapo mwaka 2013, alifichua mabomu 71 ya ardhini huko Kambodia, na mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la wanyama la Uingereza. Mnyama wa thamani hiyo hawekewi kitu tunduni kwa kubahatisha.

Kwa hiyo orodha ile fupi inafaa isomwe polepole, hasa na mfugaji aliyeko Nyarugusu ya Geita, ile ya dhahabu, siyo kambi ya wakimbizi ya jina hilo iliyoko Kasulu. Iwe unafuga hamsta, simbilisi au panya weupe wa mtoto, wote hao ni wagugunaji, na chochote utakachokiweka ndani ya tundu, hata ulichokiita pambo, kitaishia mdomoni. Nyarugusu swali la kwanza juu ya kitu chochote ni kilitoka wapi na kilipita wapi kabla ya kufika tunduni. Uzuri wake utazungumzwa baadaye.

Tuanze na meno. Meno ya mbele ya wanyama hawa hayakomi kukua. Ya chini ya panya wa maabara huongezeka milimita mbili hadi tatu kwa wiki. Enameli iko upande wa mbele tu, nyuma ni laini zaidi, basi jino hulika kwa mshazari na kubaki na makali kama patasi. Wauzaji wa vifaa hupenda kuishia hapo: mnunulie jiwe gumu, la sivyo meno yatamzidi. Wanachokiacha ni kwamba sehemu kubwa ya kulika huko hutokana na meno yenyewe kusuguana, ya juu kwa ya chini, hata mnyama akiwa ametulia. Kijiti kina kazi nyingine, nayo ni kumpa mnyama shughuli. Asiye na cha kuguguna huhamia kwenye nondo za tundu, na hapo ndipo meno huvunjika na pua kuchubuka. Ndiyo maana Morogoro wanatumia mti wa kawaida tu. Hakuna haja ya mpingo.

Chungu ndicho ninachokipenda zaidi katika mpangilio ule. Panya buku ni mnyama wa usiku, macho yake hafifu, na porini hulala shimoni, kwenye vyumba vya kulala na vya akiba. Chungu humpa giza na kuta zinazomgusa pande zote. Udongo uliochomwa hauna vanishi wala rangi, na ukigugunwa hutoa vumbi la udongo, basi. Unaoshwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani, na ukivunjika hakuna anayeugulia bei yake. Tena ndani yake joto la mchana hupungua, jambo ambalo kijumba cha plastiki hakiwezi. Kwa hamsta, mdomo wa chungu uwe mpana kuliko mnyama mwenye mashavu yaliyojaa, maana hamsta, sawa na panya buku, hubeba chakula kwenye mifuko ya mashavuni, na mlango uliomtosha akienda unaweza kumnasa akirudi. Kingo kali zisuguliwe kwa jiwe. Chungu cha maua kilichopakwa rangi ya mafuta kibaki dukani.

Maranda ndiyo yanayohitaji kazi zaidi, kwa sababu yanaonekana rahisi kupatikana. Kila karakana ya seremala inayo, na fundi atakupa kiroba kizima bila malipo. Muulize kwanza alichoranda siku hiyo. Vumbi la mvule na la mninga huwasumbua hata mafundi wenyewe, ngozi na kifua. Sembuse mnyama anayelala ndani yake na pua yake iko sentimita moja kutoka sakafuni. Mierezi inanukia vizuri, lakini kemikali zinazoleta harufu hiyo zilionekana zamani kubadili utendaji wa ini la panya wa maabara. Paina mbichi nayo ina harufu kali. Iliyokaushwa vizuri ni afadhali. Hatari kubwa zaidi ni mbao za dawa. Ile rangi ya kijani kwenye mbao za kupaulia mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba, kromu na arseniki, na mafundi wengine hupaka oili chafu kuzuia mchwa. Mbao hizo zikikatwa pamoja na mbao safi, maranda yote yamechanganyika na huwezi tena kuyatenganisha kwa macho. Chagua maranda mapana, pepeta vumbi, anika. Usipopata jibu la kueleweka kwa fundi, nyasi kavu au karatasi nyeupe isiyochapishwa iliyochanwa itafaa. Pumba za mpunga, ambazo Shinyanga na Geita hazikosekani, sizipendekezi: hazinyonyi mkojo vizuri na zina vumbi.

Hadi hapo ushauri huu ungeweza kutumika Iringa au Tanga. Nyarugusu ina mambo yake. Mchimbaji mdogo hutumia zebaki kunasa dhahabu, kisha huchoma donge la zebaki na dhahabu ili zebaki iruke. Sehemu ya kinachoruka hutua jirani, kwenye udongo, kwenye mabati, kwenye vyombo vilivyoanikwa. Rwamagasa, hapo jirani, ilifanyiwa uchunguzi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na udongo wa sehemu za kuchenjulia ulikutwa umechafuliwa na zebaki. Hamsta mkubwa ana gramu 100 hadi 150 hivi. Kiasi kisichomshtua mtu wa kilo 70 ni mzigo mzito kwa mnyama huyo, na yeye haoshi mikono. Anajilamba manyoya siku nzima.

Sasa tazama vitu vinavyotoka mgodini na kuingia majumbani bila mtu kuvitilia shaka. Matimba ya duara, yaani shimo la mgodi, yakitolewa huonekana magogo mazuri ya kukata vijiti, ila yamekaa kwenye tope la mawe ya dhahabu na moshi wa baruti. Kapeti lililokuwa likitandazwa kwenye mteremko wa kuoshea mchanga, likichakaa, huwa tandiko laini la bure. Viroba vya salfeti vilivyobeba mawe hadi karashani, kwenye mashine ya kusagia, hukatwa kuwa zulia la tundu. Nyuzi zake zikichomoka hufunga mguu wa mnyama hadi damu isipite, mbali na vumbi lililomo. Ndoo na madumu ya kemikali za kuchenjulia hayasemeki.

Kibaya kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni mchanga. Hamsta hupenda kugaagaa kwenye mchanga mkavu kusafisha manyoya, na vitabu vya ufugaji vinahimiza awekewe bakuli lake. Nyarugusu mchanga laini kuliko wote, uliosagwa ukasagika, wa rangi moja, umerundikwa wazi: ni marudio, mabaki ya mawe yaliyokwisha kuchenjuliwa. Mtoto akitumwa kutafuta mchanga mzuri atarudi na huo. Marudio yamepita kwenye zebaki, mengine kwenye sayanaidi, na hata bila hizo ni mawe ya kwatzi yaliyosagwa kuwa vumbi linaloingia mapafuni. Mchanga wa kijito kilicho chini ya mialo ya kuoshea dhahabu haujanusurika pia. Kama huna mchanga wenye asili unayoijua, mnyama akae bila bakuli la mchanga. Hatakufa. Na mfinyanzi wa chungu naye aulizwe udongo wake aliuchimba wapi.

Vijiti, kwa bahati nzuri, havina shida ukitoka kidogo nje ya machimbo. Mpera ni chaguo la kwanza: hauna utomvu mkali, ganda lake humenyuka na mnyama hufurahia kulichuna. Mforosadi ukipatikana ni mzuri pia. Kata tawi bichi kwenye mti usiopuliziwa dawa, osha, kausha juani siku kadhaa. Dodoki kavu hufaa kwa anayependa kitu laini. Gunzi la mahindi linafaa mradi halina ukungu. Sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 haibagui aina ya mlaji. Uangalifu uwe kwenye ua wa nyumba, ambako mtu hukata fimbo bila kufikiri. Minyaa, inayozunguka miji mingi ya Usukumani, ina utomvu unaounguza mdomo na macho. Mbono na mbono kaburi ni sumu. Mwarobaini, ambao wengi wataupendekeza kwa kuwa ni dawa, uachwe kwa sababu hiyo hiyo. Mkaratusi una mafuta mengi mno.

Vya dukani nitavipitia haraka. Pamba na nyuzi laini za kutengenezea kiota zisiwekwe kabisa: hunasa miguuni, na zikimezwa huziba utumbo. Plastiki ngumu hugugunwa na vipande vyake humezwa. Wavu wa waya wenye mng’ao wa zinki si wa kuwekwa mahali anapoweza kuutafuna. Gurudumu la kukimbilia, ukimpa kazi fundi wa kuchomelea, liwe na sakafu kamili, bila mianya ya kunasa mguu au mkia, na kwa hamsta mkubwa lisiwe chini ya sentimita 20 kwa upana wa duara, vinginevyo uti wa mgongo unapinda kila anapokimbia. Ngazi ndefu sizioni maana yake. Karibu hamsta wote wa dhahabu wanaofugwa duniani wametokana na mama mmoja na watoto wake waliofukuliwa shimoni karibu na Aleppo, Siria, mwaka 1930. Ni wachimbaji wa ardhi kavu, hawajui kupima kimo, na wakianguka huvunjika. Matandiko ya kina kirefu ya kuchimba yatawafaa zaidi ya ghorofa tatu.

Jambo moja la Morogoro lisiigwe nusu. Panya wa APOPO huzalishwa hapo hapo. Mfugaji asifikirie kumtega panya buku shambani akamweka chunguni. Mwaka 2003 panya wa jamii hiyo walioingizwa Marekani kutoka Ghana waliwaambukiza wanyama wengine wa kufugwa, na ugonjwa unaoitwa leo mpox ukawafikia watu katika majimbo kadhaa.

Kijiti kikikaa wiki bila alama ya meno, badilisha aina ya mti kabla ya kuhukumu mnyama. Kikiendelea kubaki kizima huku chakula nacho kikibaki na kidevu kikiwa kimelowa mate, fungua mdomo uangalie: huenda meno yamepishana na hayasuguani tena. Hapo kijiti hakisaidii. Mpeleke kwa mtaalamu wa mifugo ayapunguze kwa kifaa cha kusaga. Kikata kucha hupasua jino hadi kwenye fizi.