Sinema ya Ziwa Letu na Habari za Vita

Sisi tukaao Nassa, ambao Ghuba ya Speke yatutenga na Ukerewe, yatupasa kuitazama kwa makini sinema iitwayo Darwin's Nightmare, iliyotengenezwa na Hubert Sauper wa Austria na kutolewa mwaka 2004. Habari yake ni sangara, samaki mgeni aliyepandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950, akawala furu wetu. Minofu yake hupelekwa Ulaya kwa ndege. Mapanki huachiwa maskini. Wavuvi wa kambi za visiwani twaonyeshwa jinsi wanavyougua na kuzikwa mbali na tabibu. Hayo yamekwisha jadiliwa mno: mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu picha hiyo hadharani, na Mwanza watu wakaandamana kuipinga. Sisi twataka kusema juu ya vita.

Tangu mwanzo Sauper auliza: Je, ndege zile kubwa huja Mwanza tupu, au huja na silaha? Mwishoni rubani mmoja akiri kwamba aliwahi kupeleka Angola mitambo mfano wa vifaru, kisha akachukua zabibu Johannesburg kuzipeleka Ulaya. Maungamo hayo ni mazito. Lakini ni ya Angola, na hatukuonyeshwa hata kasha moja la bunduki likiteremshwa Mwanza. Mtazamaji aongozwa kuamini zaidi ya yale aliyoyaona kwa macho. Hilo twaliona kuwa kosa.

Sehemu iliyo bora ni ya mlinzi wa usiku. Yuaketi gizani na upinde wake na mishale ya sumu, kwa ujira wa dola moja kwa usiku. Aulizwapo habari za vita asema kwamba wengi wangefurahi vikija, kwani askari hulipwa na kutunzwa. Tuliposikia hayo tulinyamaza kimya. Hapo vita havihitaji ndege kuvileta. Vimekwisha ingia katika hesabu za mtu mwenye njaa.

Hata hivyo, visiwa vyaonyeshwa kana kwamba havikuwa na habari yo yote kabla ya sangara. Mwaka 1916 Waingereza walishuka Ukerewe kwanza, ndipo wakaitwaa Mwanza kutoka kwa Wadachi. Tena vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilichukua vijana wengi wa nchi hii, askari na mgambo. Wengine hawakurudi, na waliorudi walikuta sukari na sabuni zaadimika madukani kwa miaka. Watu hao wangalikuwa na neno la kumjibu mlinzi yule, au pengine wangalikubaliana naye. Hatujui, kwa maana hawakuulizwa. Laiti Sauper angaliketi barazani Nansio na mzee mmoja aliyerudi kutoka Uganda, akamwuliza swali lile lile, kisha akamwacha aseme mpaka amalize.