Serengeti Itazamwayo kutoka Angani: Uhakiki wa Usimulizi wa Bernhard Grzimek

Bernhard Grzimek (1909–1987), mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alikuwa pia mwandishi na mtangazaji ambaye kuanzia mwaka 1956 aliwafikisha wanyamapori katika sebule za Wajerumani kwa njia ya televisheni. Mwaka 1959 alitoa kitabu na filamu Serengeti darf nicht sterben, yaani "Serengeti isife". Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Sehemu hii inadai kwamba nguvu na udhaifu wa kazi hizo vina chanzo kimoja: mahali aliposimama msimulizi.

Msimulizi huyo yuko angani. Akiwa na mwanawe Michael katika ndege iliyopakwa milia ya punda milia, anahesabu wanyama takribani 367,000 na kufuatilia uhamaji wa nyumbu. Kutoka huko juu anabaini jambo lililowapita wachora ramani: nyumbu walivuka mipaka mipya iliyokuwa ikipangwa. Januari 1959 ndege iligongana na tumbusi, Michael akafa. Kifo hicho kiliipa hoja uzito wa tanzia. Kuitetea hifadhi kukawa namna ya kumuenzi marehemu, na msomaji anaona haya kuhoji.

Hata hivyo, aliye angani hasikii masimulizi. Grzimek alishikilia kwamba binadamu, hata awe mwenyeji, hapaswi kuishi ndani ya hifadhi ya taifa. Msimamo huo unakubalika kwa wepesi katika matini kwa kuwa wenyeji wanaonekana bila kusimulia. Ilhali magharibi mwa Serengeti zipo simulizi za asili ambamo mwindaji mwanamume hukutana na mkulima mwanamke, na kwa Waikoma pembe za ndovu ziitwazo Machaba ni amana takatifu. Telling Our Own Stories (2003), iliyohaririwa na Jan Bender Shetler, inakusanya historia zilizoandikwa na wenyeji wa Mara Kusini wenyewe.

Suala hili si la vitabuni tu. Lamai, kaskazini mwa Mto Mara, iliingizwa hifadhini katika miaka ya 1960, na mpaka baina ya hifadhi na vijiji vya Tarime na Serengeti ungali na mvutano. Mchango wa Grzimek katika kuwatetea wanyama haukanushiki. Kinachokanushwa hapa ni kuichukulia hesabu yake kuwa ndiyo historia ya nchi hiyo.