Methali Zilivyokusanywa, na Kilichoachwa Barazani

Mwombe mzee yeyote akutajie methali kumi, uone. Zitakuja zile zile: haba na haba hujaza kibaba, umoja ni nguvu utengano ni udhaifu, haraka haraka haina baraka. Mzee huyo huyo, ukikaa naye barazani tangu alasiri hadi magharibi bila kumwuliza kitu, atatoa maneno ambayo hujawahi kuyasikia, na kila neno litamtoka mahali pake kwa sababu yupo aliyekusudiwa. Anayetaka kukusanya hekima za watu wake aanze kwa kuamua atakaa kikao kipi kati ya hivyo viwili. Vingi vya vitabu vyetu vya methali vimetokana na kile cha kwanza, na inaonekana.

Vitabu vyenyewe si haba. Mwaka 1891 W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyeishi Mombasa, alichapisha London kitabu chake cha African Aphorisms, chenye mamia ya methali za Kiswahili, tafsiri zake na maelezo. Taylor hakuwa peke yake katika masomo yake ya lugha. Alikuwa na wanazuoni wa Mombasa, na wa karibu zaidi alikuwa Mwalimu Sikujua, ambaye ndiye aliyekusanya mashairi ya Muyaka bin Haji kutoka vinywani mwa watu waliokuwa bado wanayakumbuka. Nalitaja jina lake makusudi, maana jalada la kitabu hubeba jina la mchapishaji wa maneno, ilhali mwenye sikio lililoyatambua hubaki ndani ya dibaji, kama hata huko amefika. Baada ya hapo S. S. Farsi wa Zanzibar alitoa mkusanyo wake mwaka 1958, methali katika kitabu kimoja na vitendawili katika kingine. Mwaka 1981 Albert Scheven akatoa mkusanyo wenye methali 2,053.

Ukishakuwa na methali elfu mbili, unazipanga vipi? Hapa ndipo ufundi unapoanza kuonekana, na ndipo makosa mengi hufanyika.

Taylor alifuata alfabeti. Kwa Kiswahili njia hiyo ina tatizo ambalo kila mkusanyaji hukutana nalo mapema: methali zetu hupenda kuanza na mtenda jambo, na mtenda jambo huanza na M. Mtaka cha mvunguni, mchagua jembe, mchelea mwana kulia, mwenda pole. Herufi moja inajaa mpaka kumwagika huku nyingine zikibaki na methali mbili tatu. Zaidi ya hapo, neno la kwanza ndilo rahisi kubadilika kutoka mji hadi mji. Mmoja atasema “asiyekuwapo na lake halipo”, mwingine “asokuwapo”; mmoja “mtoto umleavyo ndivyo akuavyo”, mwingine “mwana umleavyo”. Methali moja inaandikwa mara mbili mahali pawili tofauti, na mkusanyaji anadhani ameongeza hazina.

Scheven alipanga kwa mada, na kwa mwalimu au mtu anayeandaa hotuba ya harusi hilo ni msaada mkubwa. Lakini mada nazo hufungia methali chumba kimoja. “Mgeni njoo, mwenyeji apone” utaiweka wapi? Kwenye ukarimu, bila shaka. Basi isikilize mgeni anapoingia nyumba ambayo watoto wake hawajaonja nyama kwa muda mrefu, kuku akachinjwa: hapo mwenyeji anajisemea mwenyewe. Isikilize tena inaposemwa kumpokea daktari mpya aliyehamishiwa zahanati ya kijiji. Maneno ni yale yale, kazi zake ni mbili.

Mpango ninaouheshimu kuliko yote hauna herufi wala mada. Warega wa mashariki ya Kongo wana kamba waiitayo mutanga. Juu yake hufungwa vitu vidogo vidogo, kama manyoya, magamba, vipande vya mti, mbegu na mifupa, na kila kimoja hukumbusha methali yake. Anayeifahamu hushika kitu na kutamka neno lake, na wanaomsikiliza hujifunza kwa kuangalia na kusikia pamoja. Padri Georges Defour aliiandikia kitabu kilichotoka Bukavu mwaka 1979. Linalonivutia ni kwamba kamba haisomeki na mtu asiyefundishwa. Huwezi kuiazima ukaenda nayo nyumbani ukajisomea. Sharti awepo wa kukuambia. Aliyeitunga hakutenganisha neno na mwenye kulisema, jambo ambalo karatasi hutufanyia bila kutuomba ruhusa.

Sasa tuje kwenye lile linalowakwaza wakusanyaji wengi wa leo, yaani nia ya kuchukua maneno mazuri tu, ya kutia moyo na kujenga. Nia ni njema na sina ugomvi nayo. Ila methali za Kiswahili zimezoea kuishi kwa kujibizana. Anayesema haraka haraka haina baraka hujibiwa kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Ukichapisha upande mmoja kwa kuwa unasikika mtulivu zaidi, umempa msomaji ushauri usio na breki. Hekima iko katika kujua leo ni siku ya ipi kati ya hizo, na msomaji hawezi kujifunza kuchagua kama ameonyeshwa moja. Kwa hiyo ziandikwe zikiwa jozi, hata pale jibu lake linapouma. Methali kali, ya kumkanya mlevi au mvivu, mara nyingi ndiyo iliyomwokoa mtu.

Niichukue methali moja niipekue, ili ionekane fomu ya mkusanyaji inapaswa kubeba nini. “Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.” Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni sehemu ya chini kabisa ndani ya jahazi, maji yanayovuja yanapokusanyika na mabaharia wanaposhuka kuyafua. Mtu anaweza kutamba juu ya chombo kutoka tezi mpaka omo, lakini kazi itamrudisha kule chini. Mtoto wa bara aliyekariri methali hii darasani anajua inafunza kwamba aendaye mbali hurudi alikotoka. Hajui harufu ya maji yale, wala kwamba kuyafua ni kazi ya kila siku isiyo na sifa ambayo usipoifanya chombo kinazama na wote waliomo. Ukiandika sentensi na maana yake peke yake, umeandika chini ya nusu.

Fomu basi iwe na maneno kama yalivyotamkwa, kwa lafudhi yake, bila kuyasanifisha. Umbo sanifu liwekwe mstari wa pili. Iwe na nani alimwambia nani, kwa uhusiano wao si kwa jina: shangazi kwa mpwawe aliyetaka kuvunja ndoa, nahodha kwa baharia mgeni. Iwe na kilichotangulia kusemwa, na kilichofuata. Kilichofuata ndicho husahaulika zaidi, nacho ndicho kinachoonyesha kama neno lilifanya kazi: je, aliyeambiwa alinyamaza, alicheka, au alirudisha methali nyingine? Simu ya kurekodi inasaidia, mradi wote waliopo wajue inarekodi. Neno lililotolewa kwenye usuluhishi wa mirathi si la kuchapishwa pamoja na mtaa na majina, hata likiwa tamu namna gani.

Wanawake wa pwani wamekuwa wakifanya sehemu ya kazi hii kwa miaka mingi kwa kutumia kanga. Kila kanga ina pindo, mji na jina, na jina ndilo neno lenyewe. Zamani majina hayo yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, na Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye kanga zake bado hubeba chapa ya “Mali ya Abdulla”, hutajwa kuwa miongoni mwa walioyaeneza. Anayekusanya majina ya kanga kwa kupita madukani ataona maandishi. Anayetaka hekima aende kwenye sanduku la bibi, doti zitolewe moja baada ya moja, na kila moja aulize: ulipewa na nani, kwa jambo gani, na uliivaa kwenda wapi? Kanga iliyonunuliwa kwa ajili ya wifi na ile iliyopokewa kutoka kwa mama siku ya kuondoka nyumbani zinaweza kuwa na jina lile lile.

Hatua ya mwisho wengi huiruka kwa kuwa fedha za uchapaji zimekwisha, nami naona ingepaswa kutengewa fungu kabla ya jalada la rangi. Mswada urudishwe kwa wenyewe na usomwe kwa sauti, barazani kwa wanaume na uani kwa wanawake, kabla haujafika kiwandani. Hapo mtu atasema hilo si letu, hilo ni la Waamu. Mwingine atasema umelikata, lina nusu yake ya pili. Na wa tatu, aliyekaa kimya siku zote za kukusanya, atakumbushwa lingine, na kalamu iwe tayari.